Treni ya Chukwani Haikufa kwa Uzee

Kila baada ya muda huzuka hapa Unguja hoja ya kuirejesha treni ya Sultani. Huzuka barazani baada ya sala ya alasiri, huzuka katika mazungumzo ya watu wa utalii, na siku hizi huzuka kwa nguvu zaidi kwa kuwa ndugu zetu wa Bara, tangu mwaka 2024, wanapanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, nasi hatupendi kuonekana tumebaki nyuma. Hoja yenyewe huenda hivi: sisi tulikuwa na reli kabla Waingereza hawajalaza chuma cha kwanza Mombasa, watalii wanapenda treni za mvuke, basi atafutwe mwekezaji, zilazwe reli mpya mpaka Chukwani, kiletwe kichwa cha treni kinachopiga honi na kutoa moshi, na vijana wetu wapate ajira ya kukata tiketi na kuuza madafu kituoni.

Naipinga hoja hii. Sipingi treni, wala sidharau utalii unaolisha familia nyingi kisiwani. Ninachokipinga ni tabia ya kutaka kukirudisha chombo bila kuuliza kwa nini kilitoweka. Kwa maoni yangu, sababu iliyoiua treni ya Chukwani ndiyo hiyo hiyo inayoendelea kuua urithi wetu mwingine mbele ya macho yetu, na mwekezaji hataiondoa. Huenda akaizidisha.

Tuanze na historia yenyewe. Sayyid Barghash bin Said alitawala kuanzia mwaka 1870 hadi alipofariki mwaka 1888. Alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya. Alileta mjini maji ya chemchemi, akajenga Beit al-Ajaib, jengo lililokamilika mwaka 1883, na katika zama zake waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879. Katika kipindi hicho hicho alilaza reli nyembamba, yenye upana wa futi mbili tu, kutoka kasri lake la mjini hadi kasri lake la Chukwani, ufukweni kusini mwa mji, masafa ya takriban maili saba. Mwanzo mabehewa yake mawili ya fahari yalivutwa na nyumbu. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1880, likaagizwa gari la mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Sultani akawa anakwenda kupunga upepo Chukwani kwa gari moshi, wakati Reli ya Uganda ilikuwa bado haijaanza hata kuchorwa katika karatasi. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896.

Kisha Sultani akafariki. Reli ikang'olewa, na gari lake la mvuke likaishia kuwa chuma chakavu. Chombo hicho hakikuwa kimechakaa. Kilikuwa hakijatimiza hata miaka kumi ya kazi, na gari la mvuke la aina yake, likitunzwa, hutembea miaka mia moja na zaidi. Treni ya Chukwani haikufa kwa uzee, bali ilikufa kwa sababu ilikuwa ya mtu mmoja. Mwenye nayo alipokwenda, hapakuwa na mwengine wa kuililia, kwa kuwa hapakuwa na mwengine aliyewahi kuambiwa kuwa ina haki yoyote kwake. Mkulima wa njiani aliyeiona ikipita hakuipanda. Fundi aliyelaza mataruma hakuulizwa yaende wapi, wala hakuulizwa yalipong'olewa.

Reli ya pili nayo ina somo lake. Kati ya mwaka 1904 na 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, ambayo pia ndiyo iliyoleta umeme mjini, ilijenga reli nyengine ya maili saba kutoka Ngome Kongwe kwenda kaskazini mpaka Bububu. Hii watu waliipanda. Wachukuzi, wenye vikapu vya mboga na matunda, waendao sokoni na warudio shamba, walikuwa na nafasi humo. Serikali ya himaya ya Waingereza ikainunua mwaka 1911. Barabara zilipotengenezwa na magari yakaongezeka, hesabu za treni zikawa haziridhishi, na mwaka 1922 safari za abiria zikafungwa. Ikatumika kubebea mawe ya kazi za bandari, halafu nayo ikang'olewa. Safari hii waliokuwa wakiitumia walikuwa wengi, lakini mwenye uamuzi alikuwa ofisi. Abiria hana kura katika daftari la mapato na matumizi.

Matokeo ya yote mawili ni kuwa hatuna kitu, na hata kumbukumbu tuliyonayo ni ya kubahatisha. Utamsikia mtembezi wa wageni akieleza kwa yakini kuwa Bububu imeitwa Bububu kwa mlio wa treni. Ni hadithi tamu, na wageni hucheka. Lakini Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said ambaye dunia inamjua kwa jina la Emily Ruete, aliitaja Bububu kwa jina hilo hilo katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichochapishwa mwaka 1886, karibu miaka ishirini kabla ya treni hiyo kuwapo. Simlaumu mtembezi wa wageni. Anatafuta riziki kwa maneno aliyopewa. Nasi tuliosoma, tuliopewa vyeo na maktaba, tumempa nini kilicho bora zaidi? Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu darasani ni wangapi wanajua kuwa treni iliwahi kufika Chukwani. Mikono iliyonyanyuka ilikuwa ya kuhesabika, na miongoni mwa waliokaa kimya walikuwamo waliozaliwa Kiembesamaki na Mazizini, wanaoijua barabara ya Chukwani kama wanavyovijua viganja vyao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa naomba msomaji aniruhusu nitoke kidogo kisiwani, kwa kuwa ipo reli nyengine ambayo kuilinganisha na yetu kunafundisha mengi. Inaitwa Talyllyn, iko Wales, na ilijengwa katika miaka ya 1860 kubebea mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimboni. Nayo ni nyembamba, imeizidi ya Chukwani kwa inchi tatu tu. Nayo pia ilifika mahali ikawa inategemea uhai wa mtu mmoja. Mmiliki wake, Sir Haydn Jones, aliahidi kuwa maadamu yu hai treni itakwenda, na akatimiza, ingawa machimbo yalikuwa yamekwisha fungwa na reli ilikuwa ikimtia hasara. Alifariki Julai mwaka 1950. Mataruma yalikuwa yameoza, reli zimefunikwa na majani, na gari moja tu la mvuke ndilo lililoweza kutembea. Kwa kila hesabu, ilikuwa ifuate njia ya treni ya Sultani wetu.

Haikuifuata. Oktoba mwaka huo huo kundi la watu lilikutana mjini Birmingham, likiongozwa na mwandishi na mhandisi L. T. C. Rolt, wakaunda jumuiya ya kuihifadhi. Wakazungumza na mjane wa marehemu, akaridhia. Mei mwaka 1951 treni ikatembea, ikiendeshwa na watu wa kujitolea. Inatajwa kuwa ndiyo reli ya mwanzo duniani kuokolewa kwa njia hiyo, na mpaka leo inatembea, ikiwa na wafanyakazi wachache wa mshahara na mamia ya wanaojitolea. Baada yake zikafuata nyengine nyingi Uingereza na kwengineko.

Wenye reli hizo mbili walifariki. Moja iling'olewa na nyengine ikaendelea. Tofauti yao haimo katika chuma, wala haimo katika tabia za watu, kana kwamba Muingereza amezaliwa na huruma kwa mashine na Mzanzibari hana. Tofauti ni kuwa kule mtu wa kawaida aliweza kisheria kuingia mlangoni, akawa mwanachama, akapiga kura, akasema reli hii sasa ni yetu na tutaitunza.

Nitajibiwa kuwa Waingereza wana pesa na muda wa kuchezea. Jawabu hili lina ukweli nusu. Uingereza ya mwaka 1950 ilikuwa imetoka vitani hoi, na nyama ilikuwa bado inanunuliwa kwa kadi ya mgao mpaka mwaka 1954. Waliokwenda Talyllyn kukata majani na kubadilisha mataruma hawakwenda kwa sababu walishiba. Na kazi yenyewe si mchezo. Gari la mvuke ni chombo cha hatari. Maji ndani ya boila yakishuka chini ya bati la juu la kitanuru, bati hilo huungua na kulegea, na mvuke unaweza kuuripua mtambo mzima pamoja na waliomo. Kwa hiyo asiyejua hapewi usukani. Mtu huanza kwa kuzoa jivu na kufuta masizi, akafundishwa kuwasha moto saa kadhaa kabla ya safari, akawa mchochea moto, na baada ya miaka ya kujifunza na kupimwa ndipo aweze kuwa dereva. Boila hukaguliwa na mtaalamu, na akisema haifai, haitembei. Kujitolea kwa namna hiyo ni chuo. Ujuzi hutoka kwa mzee kwenda kwa kijana bila kukatika.

Nitajibiwa pia kuwa sisi Wazanzibari hatujitolei. Huu ni uzushi tunaojizulia wenyewe. Nani aliyelipwa kuchimba kaburi katika mtaa wake? Nani aliyetoa ankara kwa kubeba jeneza? Misikiti yetu mingapi imejengwa kwa nguvu za waumini, madrasa zetu ngapi zinasomesha kwa walimu wasiokuwa na mshahara, visima vingapi vimesafishwa na vijana wa kitongoji kwa siku moja, wakapikiwa chungu kimoja cha wali wakala pamoja? Tunajitolea sana, lakini kwa kile ambacho tunajua ni chetu. Kaburi ni letu, msikiti ni wetu na kisima ni chetu. Kwa kile tulichoambiwa ni cha serikali, cha mfadhili au cha mgeni, tunapita pembeni na kuangalia.

Tena neno lenyewe tumelitendea vibaya. Wazee wetu wanazikumbuka kazi za kujenga taifa baada ya Mapinduzi. Nyumba za Michenzani, ambazo watu wa mji kwa urefu wake wanaziita treni, zilijengwa kwa sehemu kubwa kwa nguvu za wananchi waliotakiwa kujitolea, na asiyejitolea alijua kuwa ataulizwa. Sizibezi nyumba hizo; zimewapa watu wa Ng'ambo paa na heshima. Lakini kujitolea kunakolazimishwa ni kodi iliyobadilishwa jina. Inanishangaza kuwa treni pekee zilizobaki Unguja ni hizo zisizotembea, na zimejengwa kwa kujitolea kusikokuwa na hiari.

Leo neno hilo limeharibiwa kwa upande mwengine. Kijana aliyehitimu shahada huambiwa akajitolee kufundisha skuli au kuhudumu hospitali mwaka mmoja, miwili, mitatu, bila mshahara na bila ahadi, kwa matumaini kuwa ajira zikitoka ataonekana. Anafanya kazi kamili ya mtu mwengine bila ujira, na hana sauti katika lolote linaloamuliwa pale. Huko ni kutumiwa. Anayejitolea kwa maana ya kweli ana mambo mawili: ana riziki yake kwengine au anatoa muda wake wa ziada, na ana usemi katika kile anachokitumikia. Ukimnyima yote mawili ukamwita mzalendo, umemdhihaki. Nasema haya wazi ili mtu asije akaichukua makala hii kuwa ni ruhusa ya kuwatafutia wahitimu wetu kazi nyengine ya bure, safari hii katika urithi.

Tazameni gharama ya kuuacha urithi usiwe wa mtu. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake, iliporomoka wakati wa kazi ya matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lilikuwa limefungwa kwa umma kwa miaka kadhaa. Lilikuwa katika Mji Mkongwe uliowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Lilikuwa na taasisi za kulisimamia na fedha za nje za kulitengeneza. Sina haja ya kumnyooshea mtu kidole. Wenye taaluma ya majengo wana maneno yao. Ninachosema ni kuwa umma wa Unguja uliolipenda jengo lile, uliokwenda kulia mbele ya kifusi chake siku ile, haukuwa na nafasi yoyote katika uangalizi wake wakati lilipokuwa limesimama. Wananchi tulialikwa kwenye maziko bila kuwahi kuitwa kumuuguza mgonjwa.

Nikifika hapa, rafiki zangu wa mrengo wa kushoto huniuliza: kwa nini tuhangaikie kifaa cha anasa cha Sultani? Mapinduzi hayakufanywa ili tutunze mabehewa ya mfalme. Swali ni la haki. Utumwa ulikuwa bado halali hapa Unguja treni ile ilipokuwa ikitembea. Ulifutwa kisheria mwaka 1897. Lakini historia ikifutwa, hufutwa pamoja na waliotoa jasho. Palipotajwa treni ya Chukwani, hutajwa Sultani na kiwanda cha Uingereza. Hatajwi aliyebeba reli mabegani kutoka jahazini, aliyesawazisha njia, aliyeteka maji ya boila. Tukitaka kuandika historia ya wanyonge, hatuwezi kuianza kwa kutupa ushahidi wa kazi yao.

Wapo jirani walioliona hilo. Nairobi kuna Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, wakati shirika la reli lilikuwa la nchi zetu tatu kwa pamoja. Humo limo gari la mvuke namba 5918, miongoni mwa yale makubwa yaliyojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester, na jina lake ni Mount Gelai, mlima ulio Tanzania. Limo namba 3020, linaitwa Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida. Magari hayo yamewahi kufufuliwa na kutembea tena. Jina la mlima wetu na la watu wetu limehifadhiwa Nairobi, kwa kuwa huko walikuwapo watu waliokataa kuyapeleka yote kwa muuza chuma chakavu.

Tufanye nini basi Chukwani, ambako hakuna hata gari la kufufua? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mwekezaji.

Kwanza, tuirudishe njia kabla ya kuirudisha treni. Chukwani inajengwa kwa kasi. Kila mwezi ukuta mpya unasimama. Wanafunzi wa vyuo vyetu, pamoja na wazee wa Kiembesamaki na Chukwani yenyewe, wapite kiambo kwa kiambo na ramani za zamani mkononi, waiweke njia hiyo katika ramani ya leo kabla haijazikwa. Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo umeonyesha kuwa wakaazi wakishirikishwa wanaweza kuorodhesha urithi wa mitaa yao vizuri.

Pili, tufungue daftari la masalia. Chuma cha reli hakitupwi. Kila iling'olewapo reli duniani, chuma chake huwa boriti, nguzo ya uzio, kizingiti cha mlango. Mwenye kipande asinyang'anywe. Kiandikwe, kipigwe picha, na jina la familia iliyokitunza liwekwe.

Tatu, viwekwe vibao vya Kiswahili, si kwa mgeni kwanza bali kwa mtoto wa skuli, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu na kutoka mjini hadi Chukwani, vyenye kueleza ukweli uliothibitishwa, pamoja na watu waliofanya kazi.

Nne, na hili ndilo kubwa, sheria iziruhusu jumuiya za wakaazi kukabidhiwa uangalizi wa maeneo ya urithi kwa mkataba wa miaka inayojulikana, zikiwa na wanachama, kura, hesabu za wazi na mtaalamu wa kuzikagua. Mafundi walipwe. Wanaotaka kutoa Jumamosi yao waitoe kwa hiari na wawe na usemi.

Hili la nne halihitaji kusafiri mbali. Baraza la Wawakilishi limo Chukwani hapo hapo. Waheshimiwa wetu wanapokwenda vikaoni kwa magari yao wanafuata uelekeo ule ule aliokuwa akiufuata Sultani kwa treni yake, na wao, tofauti na yeye, wamepelekwa huko kwa kura zetu. Nawaomba walitazame. Jumuiya ikishapatikana, yenye vijana waliofundishwa na wazee waliosikilizwa, hapo wanachama wake ndio waamue kama wanataka treni au hawataki. Wakiitaka, wataitunza.